Mkojo Mwekundu Haukuwa Damu: Jinsi ya Kutofautisha Maudhi na Madhara ya Dawa

Baba yangu mdogo aliacha dawa za kifua kikuu siku ya nne. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alichukua kikombe cha maji, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akisema amekwisha kumeza. Wiki kadhaa baadaye tulivikuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa, vimechomekwa katikati ya magunia ya maharage. Tulipomuuliza alijibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ile dawa ilikuwa inanitoa damu."

Haikuwa damu. Ndani ya vidonge vya kifua kikuu kuna dawa iitwayo rifampisini. Yenyewe ina rangi nyekundu, na ikishafanya kazi mwilini hutoka na rangi yake kwenye mkojo, jasho, hata machozi. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu kwa mtu anayetumia dawa hiyo ni jambo la kawaida na halimdhuru. Lakini baba mdogo hakuwa ameelezwa, au alielezwa haraka haraka akiwa na homa na hakushika. Alipoona mkojo ule aliogopa, akanyamaza. Kikohozi kilirudi, matibabu yakaanza upya, na kwa wiki zote hizo alikuwa analala chumba kimoja na wajukuu wawili.

Ndugu msikilizaji, katika kipindi chetu cha afya maswali mengi yanafanana na kisa hiki. "Nimemeza dawa nasikia kizunguzungu, niache?" "Mama ana presha, miguu imevimba, ni dawa?" "Hivi virutubisho vinavyouzwa gulioni vina ubaya?" Redioni muda ni mfupi, kwa hiyo tumeandika hapa kwa kirefu ili uweze kusoma kwenye simu yako, kurudia, na kumsomea mwingine nyumbani.

Maudhi, madhara na mzio

Dawa ukiimeza haiendi moja kwa moja mahali panapouma. Inaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Chukua mfano wa diklofenaki, ambayo wengi wetu tunaimeza baada ya siku nzima ya kulima. Inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani ambazo mwili hutengeneza. Kemikali hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe kwenye goti, lakini pia ndizo zinazosaidia kulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi. Dawa haichagui. Goti linapata nafuu, na tumbo linapoteza ulinzi wake.

Kwa hiyo hakuna dawa yenye nguvu ya kutibu ambayo haina uwezo wa kuleta jambo lingine pembeni. Mambo hayo tuyagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maudhi madogo madogo. Haya yanajulikana, yanatarajiwa, na mara nyingi hupungua yenyewe: kichefuchefu kidogo, usingizi, mdomo kuwa na ladha ya chuma, mkojo kubadilika rangi. Unayavumilia huku ukimweleza mhudumu wa afya.

Fungu la pili ni madhara. Hapa dawa inaumiza mwili: tumbo kutoka damu, ini kuumia, figo kushindwa kazi. Haya hayavumiliwi.

Fungu la tatu ni mzio, ambao wengi tunauita aleji. Mwili wa mtu fulani unaikataa dawa ambayo kwa wengine haina shida. Mtu mwenye mzio wa dawa anapaswa kujua jina la dawa hiyo maisha yake yote na kulitaja kila anapotibiwa, hata kama ametibiwa hapo mara kumi.

Kutotofautisha mafungu haya kunaumiza watu kwa njia mbili. Mmoja anaacha dawa muhimu kwa sababu ya maudhi madogo, kama baba mdogo. Mwingine anavumilia madhara makubwa akidhani ni maudhi, anafika hospitali akiwa amechelewa.

Jambo hili linaweza kuvuruga hata jamii nzima. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wanafunzi walipewa shuleni dawa ya kichocho iitwayo prazikwanteli. Dawa hii inaweza kuleta maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu kwa muda mfupi, hasa mtoto akiimeza bila kula. Baadhi ya watoto walijisikia vibaya, uvumi ukaenea kwamba dawa inaua, wazazi wakavamia shule na zoezi likavurugika. Dawa ilikuwa ileile inayotumika duniani kote. Kilichopungua ni wazazi kuelezwa mapema kitakachotokea. Kwa wenzetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kule Kasanga na vijiji vya jirani, ambako kichocho si jambo geni, somo hili linatuhusu moja kwa moja: mtoto ale kabla ya kumeza dawa hiyo.

Maudhi ya dawa tunazozifahamu

Hizi ni baadhi ya dawa ambazo familia nyingi za huku hutumia, na mambo ya kutarajia.

Dawa mseto ya malaria: inaweza kuleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu mafuta husaidia dawa kuingia kwenye damu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe, na akiendelea kutapika apelekwe zahanati. Wazee wetu wanakumbuka muwasho wa klorokwini, ambao ulimfanya mtu ajikune usiku kucha. Dawa hiyo iliacha kuwa chaguo la kwanza la malaria nchini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Muwasho ule haukuwa sababu.

Dawa za kifua kikuu: mkojo mwekundu ni kawaida. Ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo kunaweza kutokea na kuna vitamini ya kuzuia hali hiyo, kwa hiyo sema mapema. Macho kuwa ya njano si kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za presha: zipo za aina nyingi. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptoprili na ndugu zake, kama enalaprili na lisinoprili, zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na watu hununua dawa za kikohozi miezi mingi bila kujua chanzo. Zile za kukojoza zinakupeleka chooni mara kwa mara, ndiyo maana humezwa asubuhi. Zote hizi ni sababu ya kurudi kwa daktari akubadilishie dawa. Si sababu ya kuacha, maana presha inaweza kupanda bila dalili yoyote hadi mtu anapoanguka na kupooza.

Metfomini ya kisukari: tumbo kuvurugika na kuharisha siku za mwanzo. Imezwe na chakula.

Vidonge vya kuongeza damu, maarufu kama fefo: choo kuwa cheusi na kigumu. Ni madini ya chuma, si damu. Usimeze pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Flajili: ladha ya chuma mdomoni na mkojo kuwa mweusi kidogo. Ukinywa pombe huku unaitumia, iwe bia au kimpumu, unaweza kupata kutapika, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma vibaya. Acha pombe hadi siku 3 baada ya kumaliza dozi.

Piritoni ya mafua na muwasho: usingizi. Kijana wa bodaboda akimeza asubuhi na kupakia abiria kwenda Sumbawanga, anahatarisha maisha mawili.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Ukimeza dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji, kisha ukaona mojawapo ya haya, usimeze tena na uende kituo cha afya mara moja:

- Midomo, ulimi, uso au koo kuvimba, au kupumua kwa shida.
- Vipele mwili mzima, malengelenge, ngozi kubabuka, vidonda mdomoni au macho kuwa mekundu na kuuma.
- Macho au ngozi kuwa ya njano.
- Choo cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia fefo, au kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa.
- Mkojo kupungua sana au kukata kabisa.
- Degedege, kuchanganyikiwa au kuzimia.

Dalili ya pili inahitaji maelezo zaidi. Kuna mzio mkali wa ngozi ambao mara nyingine huletwa na dawa zenye salfa, kama septrini na SP, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa. Huanza kama homa na macho kuwasha, kisha ngozi inababuka kama ya mtu aliyeungua moto. Hutokea kwa watu wachache sana, lakini unaweza kuua. SP bado ni dawa muhimu ya kumkinga mjamzito na malaria, na septrini inaokoa maisha ya wengi. Hatuzikatai. Tunachosema ni kwamba aliyewahi kubabuka au kutokwa na vipele kwa dawa ya salfa amwambie muuguzi kabla hajapewa.

Unapokwenda, beba boksi, pakiti au hata kikaratasi cha dawa uliyomeza. "Vidonge vyeupe vya mviringo" ni maelezo yasiyomsaidia daktari, kwa sababu dawa mamia ni nyeupe na za mviringo. Hili ni muhimu zaidi kwetu tunaoishi karibu na mpaka wa Kasesya, ambako dawa inaweza kuwa imenunuliwa upande wa Zambia kwa jina la kibiashara lisilofahamika upande huu.

Dawa za maumivu: rafiki anayezoeleka vibaya

Msimu wa kulima na wa kuvuna, dawa za maumivu ni kama chumvi, kila nyumba ina kipande. Kwa sababu zinauzwa kwa urahisi, tunadhani ni nyepesi.

Parasetamoli ni salama ikitumika kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, yaani viwili kila baada ya saa 6. Kuzidisha kunaweza kuharibu ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia vizuri tu. Mtego mkubwa ni majina. Unanunua dawa ya kichwa ya jina hili, dawa ya mafua ya jina lile, na kidonge cha mgongo ambacho kimechanganya diklofenaki na parasetamoli. Zote tatu zinaweza kuwa na parasetamoli ndani, ukajikuta umemeza mara tatu bila kujua. Soma maandishi madogo, au mwombe mtoa dawa akusomee kilichomo.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaumiza tumbo na figo zikitumika muda mrefu. Pia hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Mama mwenye presha na magoti mabovu, anayemeza diklofenaki kila siku, anaweza kuwa anabatilisha kwa mkono wa kushoto dawa anayomeza kwa mkono wa kulia. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wasizitumie bila ushauri wa daktari. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Dawa zinazogombana

Dawa mbili nzuri zinaweza kuharibiana zikikutana tumboni au kwenye ini. Mifano mitatu ya kukumbuka:

Dawa za sasa za kufubaza virusi vya Ukimwi zina dolutegraviri. Dawa hii hushikwa na madini ya chuma, kalsiamu na zinki, pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, na ikishikwa haiingii kwenye damu vya kutosha. Meza dolutegraviri saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Fefo na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja nayo ikiwa tu umekula chakula wakati huohuo. Mjamzito anayetumia dawa hizi na kupewa fefo aulize kliniki jinsi ya kupanga saa.

Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mama anaweza kushika mimba huku kipandikizi kiko mkononi. Aombe njia nyingine kwa muda wa matibabu.

Maziwa na madini ya chuma hupunguza nguvu ya baadhi ya antibayotiki, kama doksisaiklini na siprofloksasini. Meza kwa maji.

Njia rahisi ya kujilinda ni orodha. Andika kwenye karatasi, au kwenye simu hii unayosomea, kila kitu unachomeza: cha hospitali, cha dukani, cha gulioni na cha mzizi. Muonyeshe kila anayekutibu. Mhudumu hawezi kukukinga na kitu asichokijua.

"Ni asili, haina madhara"

Maneno haya yanasikika kwenye vipaza sauti vya magulio yetu karibu kila mnada. Tuyaangalie kwa utulivu, bila kudharau tiba asili. Tanzania inaitambua tiba asili kisheria tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Dawa nyingi za hospitali chanzo chake ni mimea. Dawa mseto yenyewe ina kiungo kinachotokana na mmea wa pakanga.

Lakini kama mmea una nguvu ya kutibu, basi una nguvu pia ya kuleta maudhi na madhara. Hilo haliwezi kutenganishwa. Na tofauti na kidonge, mzizi uliochemshwa hauna miligramu. Kikombe cha leo kinaweza kuwa chepesi na cha kesho kikawa kikali mara tatu. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ni mfano mchungu: zinaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi hadi likapasuka, mama na mtoto wakapotea.

Hatari nyingine ni kuacha. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wagonjwa wengine mahututi walitolewa hospitalini wakafia njiani au kwenye foleni. Wengine waliokuwa wakitumia dawa za virusi vya Ukimwi au za kisukari waliziacha wakiamini wamepona. Kikombe chenyewe hata kisipomdhuru mtu, dawa iliyoachwa inaweza kumuua. Kwa hiyo, yeyote akikuambia "ukianza hii yangu acha zile za hospitali", hapo ndipo pa kusimama na kumuuliza daktari kwanza.

Virutubisho vya kopo navyo vina mipaka yake. Vitamini A kwa kipimo kikubwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Madini ya chuma yanayomwongezea mama damu yanaweza kumuua mtoto mdogo akila vidonge vingi akidhani ni peremende, kwa hiyo fefo iwekwe juu, mahali mtoto hafiki. Unga wa nguvu za kiume unaouzwa kama mitishamba umekamatwa katika nchi mbalimbali ukiwa umechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya naitreti akimeza mchanganyiko huo, presha yake inaweza kushuka ghafla akafa. Na vidonge vya kunenepesha mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni. Uso unaojaa na kung'aa hauonyeshi afya hapo. Dawa hizo hupandisha sukari na presha na kudhoofisha kinga ya mwili. Aliyekwisha kuzizoea asiziache ghafla bila daktari, kwa sababu mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake muhimu.

Kabla ya kununua kirutubisho jiulize: daktari amesema nimepungukiwa nini? Mara nyingi maharage, dagaa wa ziwani, mboga za majani, karanga na matunda vinatosha, na bei yake ni ndogo.

Mjamzito, mtoto na mzee

Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Kukata kidonge cha mkubwa kwa makadirio ni hatari. Dawa ya maji ipimwe kwa kifaa kilichokuja nayo, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Doksisaiklini na tetrasaiklini zinaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto mdogo na ya aliye tumboni.

Mjamzito asimeze chochote bila kusema "nina mimba", hata kama ni changa na hajaitangaza kwa majirani. Siri hiyo muuguzi anaitunza.

Mzee figo zake hazisafishi dawa haraka kama za kijana, na mara nyingi ana dawa za magonjwa mawili matatu. Kijana wa nyumbani amsaidie kuzipanga. Mzee akianza kuyumba, kusahau au kuanguka baada ya kupewa dawa mpya, msiseme tu ni uzee.

Ukiwa dukani

Mkoa wetu una historia katika hili. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa baada ya hapo. Lengo lilikuwa kijiji kisicho na famasi kipate duka lenye mtu aliyefunzwa na dawa zinazoruhusiwa. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Maswali matano yanatosha:

1. Dawa hii inaitwaje na inatibu nini?
2. Nimeze kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi, kabla au baada ya kula?
3. Maudhi gani niyatarajie, na dalili gani zinifanye nirudi haraka?
4. Inagombana na dawa nyingine, pombe, maziwa au mitishamba ninayotumia?
5. Nikisahau dozi nifanyeje?

Angalia herufi EXP kwenye boksi. Tarehe inayofuata ni mwisho wa kutumika. Usinunue dawa iliyoanikwa juani mnadani, wala vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti vikafungwa kwenye kipande cha gazeti bila jina. Na usimgawie jirani dozi yako iliyobaki, maana ugonjwa wake huujui.

Kuripoti si kushtaki

Dunia ilijifunza hili kwa machozi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo talidomaidi ilianza kuuzwa Ulaya na kwingineko, ikasifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito. Hadi ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezaliwa na kasoro, wengi bila mikono au miguu. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa nchi kubadilishana taarifa za madhara ya dawa, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993.

Hapa nchini taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA. Ukipata tatizo mwambie mhudumu wa zahanati ajaze fomu ya njano. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya TMDA, 0800110084. Taja jina la dawa, ulichopata, lini ulianza kumeza na nini kingine ulikuwa unatumia. Huhitaji uthibitisho wala si kesi ya kumfunga mtu. Dawa inapojaribiwa kabla ya kuuzwa hutumiwa na watu wachache ukilinganisha na watakaoitumia baadaye, na madhara yanayompata mmoja kati ya maelfu yanaweza yasionekane. Huyo mmoja anaweza kuwa yuko Mwimbi au Mkowe, na asiposema hakuna atakayejua.

Baba mdogo alimaliza dozi yake mara ya pili, miezi 6 kamili. Safari hii muuguzi alimweleza mbele yetu sote: "Mzee, mkojo utakuwa mwekundu, usiogope. Macho yakiwa ya njano, njoo hata usiku." Sentensi mbili tu. Alizishika hadi mwisho, na mkojo ulipobadilika rangi alicheka akasema, "Dawa imefika."

Kama hukuelezwa, uliza. Kama umeogopa, rudi ukaseme kabla ya kuficha vidonge kwenye magunia.